Kosa la Kiwandani au Kipigo cha Mtaani?

Nyati ana miguu mitatu. Amesimama kwenye sarafu ya Marekani ya senti tano ya mwaka 1937, kichwa kakiinamisha, nundu imetuna, na mguu wa mbele wa kulia haupo. Kwato yake imebaki chini peke yake, haijashikana na kitu. Nyati wa mwaka huo mwenye miguu minne hamshtui mtu. Huyu wa mitatu hununuliwa kwa mamia ya dola hata akiwa amechakaa, na akiwa hajachakaa bei yake hupanda hadi maelfu.

Kwa hiyo kuna watu wanaowakata nyati miguu.

Tupa nyembamba na mkono uliotulia vinatosha kumfanya nyati yeyote kilema. Ila nyati wa kweli hakukatwa, alizaliwa hivyo. Katika kiwanda cha sarafu cha Denver, mihuri miwili ya chuma, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa nyati, iligongana bila kisahani cha madini katikati. Kila muhuri ukamwachia mwenzake alama za picha yake. Fundi akausugua muhuri wa nyati ili kuzifuta alama hizo, akasugua kupita kiasi. Sehemu za mchoro zilizokuwa na kina kidogo zikaondoka pamoja na alama, na mguu ule ulikuwa miongoni mwazo.

Muhuri uliosuguliwa namna hiyo uliacha dalili ambazo mwenye tupa hawezi kuzitengeneza. Ukiiweka sarafu halisi chini ya kioo cha kukuzia, utaona mstari wa vidoadoa ukishuka kutoka tumboni mwa nyati hadi ardhini. Wakusanyaji wa Marekani husema bila haya kwamba nyati anakojoa. Mguu wa nyuma nao unaonekana kuliwaliwa. Jambo la kuangalia ni kwamba vidoadoa hivyo vimeinuka juu ya uso wa sarafu. Tupa huondoa madini, haiongezi. Sarafu isiyo na vidoadoa, yenye mikwaruzo myembamba pale mguu ulipokuwa, ni senti tano ya kawaida iliyoharibiwa, na mwenye tupa amejikata mwenyewe mfukoni.

Mfano huo mmoja umebeba karibu elimu yote inayohitajika, na inafaa kuikumbuka hasa siku hizi ambapo video fupi za simu zimejaa watu wanaoinua sarafu yenye kovu na kutangaza kwamba ina thamani ya gari. Watu hupekua visanduku vya chenji, hukuta shilingi iliyopinda au yenye alama ngeni, wakaanza kupiga hesabu za kiwanja. Swali wanalojiuliza ni hili: mbona sarafu hii ni ya ajabu? Swali la mjuzi ni jingine kabisa. Yeye huuliza: ni mashine gani, katika hatua ipi, ingeweza kufanya hivi?

Ili kulijibu, lazima kwanza sarafu ifuatwe kiwandani. Huanza kama ukanda mrefu wa madini uliokunjwa roli. Mashine hukata humo visahani vitupu, vya duara, visivyo na picha. Visahani hulainishwa kwa joto na kuoshwa, kisha hupitishwa katika mashine inayovibana pembeni ili viinuke ukingo kidogo. Mwishoni kila kisahani hukaa ndani ya pete ya chuma, mihuri miwili hukibana kwa tani nyingi, na madini husambaa kama donge la unga chini ya kiganja: huingia katika kila kishimo cha mchoro na kusukumwa hadi kwenye pete, ambayo ndiyo huipa sarafu mviringo wake na, pale inapotakiwa, vile vijistari vya ubavuni. Yote hayo hutokea kwa kufumba na kufumbua, na mashine moja ya kisasa hugonga mamia ya sarafu kwa dakika.

Kosa la kweli lazima liwe na anwani katika safari hiyo. Likikosa anwani, ni uharibifu.

Kanuni ya kwanza inatokana na ukweli kwamba muhuri ni kinyume cha sarafu. Palipo shimo kwenye muhuri, sarafu ina mwinuko. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa na sarafu hutoka na mstari ulioinuka, mwembamba, unaopinda ovyo kama ufa wowote. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa pembeni, sarafu hupata uvimbe usio na picha kwenye ukingo. Lakini sarafu ikikwaruzwa na msumari, funguo au changarawe za barabarani, alama huzama. Kidole chenye ukucha hutambua tofauti hiyo hata gizani, na kwa hakika sarafu nyingi zinazonadiwa kwa mbwembwe zingemalizwa na ukucha tu.

Kanuni hiyo inafuta kundi zima la madai. Ipo, kwa mfano, ile duara safi iliyochimbwa kuizunguka picha, inayowashawishi wengi kwamba muhuri ulizunguka. Mara nyingi hiyo ni kazi ya mashine za benki zinazopanga sarafu na kuzifunga katika mirija ya karatasi. Sarafu ikikwama, kile kidole cha chuma kinachokunja karatasi huzunguka juu yake na kuilima. Duara imezama, inang'aa, na imepita juu ya herufi na uwanda bila kuchagua.

Wakati mwingine kinachohitajika ni kutazama upande wa pili. Hili linaonekana vizuri kwenye sarafu iliyomegwa pembeni, ile inayoonekana kung'atwa. Kiwandani jambo hilo hutokea ukanda wa madini usiposogea vya kutosha: kisu cha duara kinashuka na kukuta tundu la kisahani kilichotangulia, kwa hiyo kisahani kipya hutoka na pengo la mviringo. Kikifika kwenye mashine ya kuinua ukingo, kinabanwa pande mbili zinazotazamana. Pale penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo upande unaolikabili nao haupati shinikizo la kutosha, na ukingo wake haunyanyuki sawasawa. Ndiyo maana mnunuzi mwerevu akiletewa sarafu yenye pengo saa tatu, macho yake hukimbilia saa tisa. Akikuta pale ukingo hafifu au umefifia kabisa, anaanza kuamini. Akikuta ukingo mnene, mzima, anaanza kumfikiria mtu mwenye koleo. Dalili hiyo haimo katika kila sarafu halali, na wataalamu huiunganisha na nyingine: karibu na pengo la kweli herufi hunyooka na kufifia kwa kuwa madini yalikuwa yakikimbilia kwenye nafasi tupu, ilhali kwenye pengo la koleo herufi hukatwa katikati kwa ukali.

Picha mbili ni fumbo lenye fedha nyingi zaidi. Mwaka 1955 kiwanda cha Philadelphia kilitoa senti moja ambazo tarehe na maneno yake yanasomeka mara mbili bila hata kutumia kioo. Asili yake ilikuwa mbali na mashine ya kugonga. Muhuri wenyewe hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na enzi zile ilihitajika kukandamiza zaidi ya mara moja ili picha izame vizuri. Safari hiyo, kati ya mkandamizo mmoja na mwingine, muhuri ulizungushwa kidogo. Ulipoanza kazi, kila senti iliyotoka ilirithi uwili ule ule. Wakaguzi walipogundua, sehemu ya zile sarafu, zaidi ya 20,000, zilikwisha kuchanganywa na lundo la sarafu nzima, na kiwanda kikaona heri ziende mtaani kuliko kuyeyusha lundo lote. Inasimuliwa kwamba nyingi zilionekana kwanza kwenye pakiti za sigara: mashine za kuuzia zilimeza senti 25 kwa sigara za senti 23, na chenji ya senti mbili ilibandikwa kwenye pakiti.

Kwa kuwa uwili uko ndani ya muhuri, sarafu zote za muhuri huo zinafanana kabisa, na hiyo ndiyo nguvu ya mkaguzi. Halisi ina picha mbili upande wa kichwa pekee. Upande wa nyuma umetulia. Herufi zake zimepanuka, na kwenye ncha zake kuna mgawanyiko unaoonekana wazi, kila nakala ikiwa na unene wake. Tofauti na hapo kuna uwili wa bei rahisi: muhuri uliolegea hutetemeka wakati wa kuachana na sarafu na kuisukuma herufi pembeni. Herufi haipanuki, bali ubavu wake hubanjwa na kuwa ngazi bapa, inayong'aa. Hili nalo limetokea kiwandani, tena ndani ya mashine yenyewe ya kugonga, lakini wakusanyaji hawalilipii kitu cha maana. Mwaka huo huo wa 1955 zipo senti ambazo tarakimu 5 ya mwisho inaonekana kuvimba au kurudiwa kwa sababu muhuri ulichakaa tu. Wafanyabiashara waliziuza kwa jina la “uwili wa maskini”, na maskini wengi wakanunua.

Upande wa uharibifu una ubunifu kushinda upande wa makosa. Mtu huweka sarafu mbili kwenye jiliwa na kukaza. Moja hutoka na picha ya mwenzake iliyogeuzwa na kuzama. Kuna kosa halisi linalofanana na hilo, pale sarafu iliyokwisha kugongwa inaponasa kwenye muhuri na kuigonga inayofuata kwa uso wake. Lakini katika kosa halisi picha iliyogeuzwa ni kamili na hukaa mahali pa picha ya kawaida, isipokuwa kama sarafu iliyonasa ilikaa upande, na upande wa pili umegongwa na muhuri wake kwa nguvu zote. Sarafu ya jiliwa ina picha zote mbili, ile ya asili na ile ya kuazima, na upande uliolalia taya la jiliwa umepondwa na kuwa bapa.

Mashine za kukaushia nguo pia zina watoto wao. Sarafu ikinasa katika mwanya wa pipa linalozunguka, hugongwagongwa ubavuni kwa wiki au miezi. Ukingo hujikunja kwa ndani na kunenepa, herufi za pembeni humezwa, mduara hupungua. Inatoka nzuri ya kupendeza, imelainika, na mwenye kuiokota huapa kwamba kiwanda kiliitengeneza kwenye kisahani kidogo. Mizani ya sonara humjibu: uzito ni ule ule au karibu sana na wa kawaida, madini yamehama tu. Kinyume chake ni senti iliyowekwa kati ya vipande vya ngozi na kupigwa nyundo mpaka ikapanuka, picha yake ikabaki inasomeka. Marekani huziita senti za Texas, kwa sababu kule kila kitu husemwa ni kikubwa. Tindikali nayo hula sarafu pande zote kwa pamoja. Huwa nyembamba na nyepesi, herufi zikikonda kama zimefunga mwezi mzima.

Sarafu ya vichwa viwili ndiyo inayovunja mioyo kuliko zote. Karibu kila mara ni chombo cha mwanamazingaombwe: sarafu moja imekerezwa ndani ikabaki kikombe, nyingine ikapunguzwa kingo, zikashindiliwa pamoja. Mshono hujificha pale ukingo unapokutana na uwanda, na sarafu ikidondoshwa mezani hutoa mlio wa mbao.

Hata hivyo kiwanda huweza kuchanganya mihuri kikweli, na tukio linalojulikana zaidi la karne hii lilitokea Llantrisant, Wales, kilipo kiwanda cha kifalme cha Uingereza. Mwaka 2008 sarafu za nchi hiyo zilipewa michoro mipya ya nyuma iliyobuniwa na Matthew Dent. Kwenye peni 20, tarehe iliyokuwa upande wa nyuma ilihamishiwa upande wa malkia. Katika kipindi hicho cha mpito mtu alifunga muhuri wa zamani wa malkia, usio na tarehe, pamoja na muhuri mpya wa nyuma, ambao nao haukuwa na tarehe. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote, jambo ambalo Uingereza haikuwa imelishuhudia kwa zaidi ya miaka 300. Makadirio ya idadi yake ni kati ya 50,000 na 200,000. Kampuni moja ya sarafu ilipotangaza kuzinunua kwa pauni 50 kila moja, taifa zima liligeuza mifuko nje.

Na waliokosa bahati wakashika sandpapa. Kufuta tarehe kunaonekana rahisi, lakini muhuri mpya wa malkia ulipangwa upya ili tarehe ipate nafasi. Maneno yake yamesogezwa. Ukifuta mwaka unabaki na uwazi mahali ambapo sarafu halisi haina uwazi, kwa sababu kwenye ile halisi maneno ya zamani yametawanyika kuizunguka picha yote.

Afrika Mashariki ina somo lake, na ni gumu kuliko hilo la Wales. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wameziba njia za bahari, serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliishiwa sarafu, ikaanza kuzitengeneza Tabora katika karakana ya reli. Zilitoka sarafu za heller 5 na heller 20, zenye herufi T, kwa shaba iliyopatikana humo humo nchini, yakiwamo maganda ya mizinga. Ilitoka pia dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, sarafu elfu 16 na ushei, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mafundi wa karakana hawakuwa na visahani vya kiwango kimoja wala mashine za kazi hiyo. Heller 20 za Tabora zimekaa upande, zimegongwa kwa nguvu pungufu, unene haulingani, herufi zimefifia, taji lina ukubwa tofauti kutoka muhuri mmoja hadi mwingine. Anayezitazama kwa macho ya Philadelphia ataona kosa katika kila kipande. Wanaozijua huona kazi ya kawaida ya karakana hiyo, na bei ya ziada hulipwa tu pale kasoro inapozidi hata viwango vya Tabora. Sarafu hizo pia zilizunguka mikononi, zikafukiwa, zikafukuliwa, nyingine zikatobolewa zivaliwe. Tundu la msumari husukuma madini upande wa pili yakatokeza kama mdomo. Hakuna mashine ya kutengeneza sarafu inayoacha mdomo.

Kwa wanaopekua chenji za leo, sarafu za Kenya za madini mawili, yaani shilingi 5, 10 na 20, ndizo zenye ushawishi mkubwa. Kiini kikilegea hutoka, na mtu hukirudisha kichwa chini au kimegeuzwa, kisha akapiga picha na kuweka bei. Kosa la namna hiyo lina kipimo chake. Kiini na pete hufika kwenye mashine vikiwa vitupu, na pigo lile lile linalochora picha ndilo linaloviunganisha. Mchoro au ukingo wa duara unaovuka mpaka wa madini hayo mawili lazima uendelee bila kukatika, hata kiini kikiwa kimekaa upande na kupanda juu ya pete. Ukikatika, viungo viliachana baadaye na kuunganishwa na mtu.

Uzito na sumaku humaliza mabishano mengine kabla hayajaanza. Mwaka 1943 Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya silaha, ikatengeneza senti zaidi ya bilioni moja kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya bronzi vilivyobaki kwenye mashine vikachanganyika, na senti chache za shaba zikatoka kwa tarehe hiyo. Zinazojulikana ni kama 20 hivi. Uvumi ulienea kwamba Henry Ford angempa gari jipya yeyote atakayemletea moja, na kampuni yake ilibidi ikanushe. Tangu hapo senti za chuma zimepakwa shaba kwa maelfu. Sumaku huzinasa papo hapo. Zile za chuma zina gramu 2.70, za bronzi 3.11. Mlaghai aliyekwisha kujua habari za sumaku hutumia senti ya shaba ya 1948 na kuikata tarakimu 8 upande wa kushoto iwe 3, ndipo kioo cha kukuzia kinaporudi mezani.

Katikati ya kosa na uharibifu kuna eneo ambalo wataalamu wenyewe huvutana. Robo dola ya jimbo la Wisconsin ya mwaka 2004, iliyogongwa Denver, ipo katika matoleo mawili ambapo hindi limeota jani la ziada, moja linaelekea juu na jingine chini. Majani hayo yameinuka, kwa hiyo alama ilikuwa kwenye muhuri, na hapo kila mtu anakubali. Kinachobishaniwa ni kama mihuri ile iliumizwa kwa bahati mbaya au kuna mfanyakazi aliyejiburudisha na kifaa cha kazi. Soko halikusubiri jibu.

Wala halikusubiri kwa ile senti ya 1943 ya bronzi yenye alama ya Denver. Inajulikana moja tu, na wengi wa waliochunguza historia yake wanaamini kwamba mfanyakazi wa kiwanda aliigonga makusudi. Haikuharibiwa mtaani, na mashine haikukosea chochote; kwa mantiki hiyo isingestahili kuitwa kosa. Mwaka 2010 iliuzwa kwa dola milioni 1.7.